Dakika Kumi za Liberatus

Liberatus Kihwele ni fundi redio pale Uyole, kibanda cha tatu ukitoka sokoni, na kabla hujaambiwa jambo lingine lolote juu yake ni vizuri ujue kwamba ana wivu. Si wivu wa mapenzi. Mkewe, Apolonia, anauza viazi kwa madereva wa malori kutwa nzima, anacheka nao, anataniana nao, na Liberatus hana habari. Wivu wake ni wa kazi ya mikono. Akiona kabati limeungwa vizuri kuliko ambavyo angeliunga yeye, chakula hakishuki. Akisikia fundi mwenzake amefufua televisheni iliyomshinda, atauliza kiliwekwa kifaa gani, halafu atasema kwa sauti ya mtu asiyejali kwamba haitamaliza mwezi.

Ugonjwa huo alianza nao mapema. Alizaliwa Iringa, katika kijiji cha wakulima Wakatoliki, nyuma ya nyumba kukiwa na shamba la mianzi ya kugema ulanzi, pombe ya kwao. Kaka yake, Aroni, alichaguliwa kwenda seminari, na jumuiya nzima ikamchangia blanketi na sanduku la bati lenye kufuli. Liberatus alisusa kula siku mbili. Aroni hakumaliza hata mwaka wa pili, akarudi nyumbani kulima, lakini hilo halikumtuliza mdogo wake, kwa sababu sanduku Aroni alibaki nalo.

Akiwa na miaka kumi na tisa alishuka bondeni Ubaruku kutafuta kibarua. Ulikuwa msimu wa kwelea kwelea, wale ndege wadogo wanaotua kwenye mpunga kwa maelfu na kuacha mabua matupu. Ililetwa ndege ya kunyunyiza dawa, ndogo, ya njano, ya kiti kimoja, na Liberatus akapewa bendera nyeupe. Kazi yake ilikuwa kusimama ukingoni mwa matete wanamolala kwelea, jua likielekea kuzama, na kupunga ile bendera ili rubani ajue mstari wa kupita. Ndege ilimjia moja kwa moja usoni, ikampita juu kwa kimo cha nyumba mbili, na dawa ikamlowesha mgongo. Alifanya kazi hiyo misimu mitatu. Tumbo la ile ndege alilijua kuliko kiganja chake: mabomba ya dawa chini ya mabawa, michirizi ya oili iliyokimbilia nyuma, kiraka cha bati karibu na gurudumu la kushoto kilichoshikizwa kwa ribiti saba, vile vichwa vidogo vya misumari ya kuungia bati. Rubani hakuwahi kumuuliza jina. Alishuka, akavua miwani, akamimina chai kutoka kwenye thamosi yake mwenyewe, na Liberatus, macho yakimwasha, alimtazama na kuwaza: huyu ana nini ambacho mimi sina?

Swali hilo lilimfuata mpaka Uyole, akaoa nalo, akapata nalo mtoto, Eveline, akafungua nalo kibanda cha redio. Mwishowe akaamua kuitengeneza ile ndege. Si kisanamu cha kuweka juu ya kabati. Ndege ya kuruka kwa rimoti, ndogo mara sita kuliko ile ya kweli, lakini sahihi kila mahali.

Mwili aliuchonga kwa yale mapande meupe mepesi yanayofungiwa televisheni mpya ndani ya boksi. Uti wa bawa ni mwanzi wa kwao Iringa, aliouanika juu ya jiko mwaka mzima ili usije ukapinda. Mota na rimoti aliagiza Dar es Salaam. Ribiti alizitia moja moja kwa tone la gundi kutoka kwenye bomba la sindano, elfu moja na mia mbili na kitu, na alipokosea moja alifuta mstari mzima. Moshi wa ekzosi aliupaka kwa masizi ya kibatari na kidole kidogo. Ndani ya kioo aliweka kiti cha ngozi ya kiatu chakavu, mkanda wenye kifungo, na juu ya kiti rubani mwenye miwani. Thamosi hakumwekea.

Kuruka ndiko kulikomtesa. Ndege ya kwanza ilianguka, ya pili ikaanguka, ya tatu ikaingia kwenye migomba ya jirani. Alikuwa akizijaribu kwanza bondeni alikozoea, zinaruka vizuri kabisa, akizileta Uyole zinakimbia uwanja mzima kama kuku asiyetaka kushikwa, haziinuki. Alichukua miaka miwili kung'amua kwamba huku juu, kwenye baridi na milima, hewa ni nyepesi, haishikiki. Ndege inahitaji pangaboi refu zaidi pale mbele ili ipate cha kuvuta. Basi akaanza kuchonga mapangaboi mwenyewe, kwa mti wa mninga, akayang'arisha kwa polishi ya viatu mpaka yakawa mekundu ya kuiva. Kila pangaboi lililomridhisha alilifunga kwenye gazeti na kuliweka chini ya meza ya kazi, na siri hiyo aliijua yeye na Apolonia tu.

Kisha likaja la Nane Nane, sikukuu ya wakulima ya mwezi wa nane. Chama kimoja cha wakulima wa mpunga wa Ubaruku, chenye banda lake kwenye maonyesho kila mwaka, kilipewa dakika kumi za kuonyesha chochote uwanjani. Katibu wake, mama mmoja mwenye sauti nzito aitwaye Leokadia, akamwita Liberatus. Ile ndege ya njano ilipoinuka na Leokadia akaanza kusimulia kwenye kipaza sauti habari za kwelea kwelea, wazee wa Ubaruku walivua kofia. Uwanja mzima ulitazama juu. Liberatus alisimama katikati na rimoti yake, amevaa miwani ya jua aliyoazima. Miaka sita mfululizo dakika hizo zilikuwa zake, na ukweli ni kwamba mwaka wote uliobaki aliuishi kama mtu anayengoja basi.

Mwaka wa saba akatokea Bujiku.

Bujiku alikuwa fundi wa mashine za kukoboa mpunga hukohuko Ubaruku, mtu wa watu waliotoka kaskazini na ng'ombe wao wakahamia bonde hilo la Usangu. Naye alikuwa ametengeneza ndege. Ileile, ya njano. Video yake ilianza kupita kwenye simu za watu mwezi wa sita, na Liberatus aliiona kwa mara ya kwanza mkononi mwa mkewe.

"Baba Eveline, njoo uone hii," Apolonia aliita. "Ona inavyopinduka! Ona, ona, inarudi!" Alicheka kwa furaha, kama anavyocheka mtu akitazama mwanakondoo anayerukaruka.

Liberatus alitazama. Ndege ilikuwa haina ribiti hata moja. Rangi imepakwa kwa brashi ya ukuta. Ndani ya kioo hakuna kiti, hakuna rubani, hakuna kitu. Lakini ilipita juu ya majaruba ya mpunga, ikalala ubavu, ikazunguka mnara wa simu na kushuka kama inateleza juu ya mafuta. Yake haikuwahi kugeuka hivyo. Yake ilikuwa nzito kwa sababu ya yote aliyoipamba, iliruka kama mtu aliyevaa suti ya harusi.

"Haina hata rubani," akasema.

"Kwani anaonekana akiwa huko juu?" Apolonia akauliza, naye akaitazama video tena tangu mwanzo.

Wiki moja kabla ya sikukuu Leokadia alipiga simu. Dakika ni zilezile kumi, alisema, na ndege ni moja tu itakayoruka. Jumamosi saa nane mchana wote wawili waje kwenye uwanja wa mpira wa Uyole, kila mmoja arushe, kamati ya chama itazame na kuchagua. Liberatus alijibu kwamba hana neno. Jioni ile alifungua mwili wa ndege yake akaongeza ribiti arobaini ambazo hakuna aliyewahi kuona kwamba hazipo.

Siku ya Alhamisi Bujiku mwenyewe alikuja. Alikuwa mrefu, mpole, na alikuwa amebeba ndoo ya mchele wa kwao Mbarali, mpya, unanukia mpaka nje.

"Kamwene, kaka," akasalimia kwa Kihehe cha kujifunza njiani. "Nimeona si vizuri tukutane uwanjani kama maadui. Mimi hii kazi nimeanza kwa sababu yako. Mwaka juzi nilikuona Nane Nane, sikulala."

Mtu mwingine angelainika. Liberatus alisikia tu kwamba huyu ameiba wazo lake na sasa anakiri.

Bujiku aliketi, akaitazama ile ndege iliyokuwa mezani imefunikwa kitenge. "Mimi ile ndege nilikuwa naionea juu," akasema. "Nilikuwa nachunga kule mlimani, yenyewe inapita chini yangu. Mgongo wake naujua wote. Ule mstari mwekundu wa kukatiza mabawa, unaukumbuka? Lakini tumbo yake sijawahi kuiona kabisa. Yangu nimeiacha tupu. Nisaidie kidogo kaka, nione ya kwako."

Liberatus alihisi damu inampanda. Mstari mwekundu? Alikuwa ameisimamia ndege ile misimu mitatu na hakuwa ameuona mstari wowote. Alisimama chini yake wakati inaruka. Ilipotua yeye bado alikuwa mateteni huko na bendera yake, na akifika uwanjani mabawa yako juu ya kichwa chake. Kwa miaka sita alikuwa amepaka mgongo ule njano tupu, kwa kubuni, na watu wakampigia makofi. Na sasa mchunga ng'ombe mmoja anamwambia.

"Rangi haijakauka," akasema. "Haiwezi kufunuliwa."

"Basi haina shida." Bujiku akanywa chai aliyoletewa na Apolonia. Halafu akauliza kile alichokuja kuuliza. "Na hewa ya huku juu kaka? Nimesikia watu wanasema haibebi kama ya kwetu. Mimi natumia pangaboi inchi kumi na mbili. Itatosha?"

Apolonia alikuwa amesimama mlangoni na trei. Liberatus alijua kwamba yupo. Alijua pia kwamba inchi kumi na mbili ndizo zilizompeleka yeye kwenye migomba ya jirani, na kwamba jibu lilikuwa limefungwa kwenye gazeti, hatua moja kutoka kwenye goti lake.

"Hewa ni hewa," akasema. "Itatosha sana."

"Ahsante kaka. Umenitoa wasiwasi."

Apolonia aliichukua ile ndoo akaingia nayo ndani. Chombo cha mgeni hakirudi kitupu. Alimimina mchele kwenye debe, akaijaza ndoo viazi vyake vya kupeleka kwa mama wa nyumbani kwa Bujiku, akafunika kwa majani ya kabichi. Liberatus, akitaka mgeni aondoke upesi, aliibeba mwenyewe mpaka barabarani, akaipakia kwenye bodaboda, na hata akaifunga kwa mpira isije ikamwagika.

"Hukumwambia," Apolonia alisema usiku, mara moja tu.

"Fundi anajifunza kwa kuangusha. Mimi nani aliniambia?"

Jumamosi uwanja ulikuwa na upepo na vumbi, na watu waliojaa kuliko siku ya mechi. Leokadia alikuja na wajumbe wawili wa kamati, wakaketi kwenye benchi la makocha. Liberatus alitangulia. Ndege yake iliinuka kwa heshima, ikazunguka uwanja mara tatu kwa mwendo wa maandamano, ikatua bila kudunda. Watu walipiga makofi. Leokadia aliisogelea, akachungulia ndani ya kioo, akamwona rubani na miwani yake, akatikisa kichwa kwa mshangao. Liberatus alirudi pembeni akasimama kando ya Apolonia, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa sita akahisi njaa.

Kisha Bujiku akaiweka yake chini. Kwa mbali ilionekana kama kitu cha kuchezea mtoto. Ule mstari mwekundu ulikatiza mabawa, mpana, na mzee mmoja wa Ubaruku upande wa pili aliunyooshea fimbo akimwambia mwenzake jambo kwa shauku. Liberatus alijifanya hakuona. Alikuwa anapima uwanja kwa macho. Kutoka goli hadi goli mita mia. Pale katikati, kwa inchi kumi na mbili, ndege itakuwa bado inakimbia chini. Pale kwenye boksi la penalti Bujiku ataivuta kwa nguvu, itainua pua, itaanguka ubavu. Alikuwa ameona mara tatu. Moyo ulimwenda mbio, na asikudanganye mtu, haikuwa hofu. Alikuwa anangoja kwa hamu, mikono yake miwili imekunjwa ngumi mfukoni, midomo yake inasema taratibu: sasa, sasa.

Ndege iliinuka kabla ya mstari wa katikati.

Iliinuka kama imeitwa. Ilipanda, ikalala ubavu juu ya vichwa vya watu, ikapita karibu sana na Liberatus mpaka upepo wake ukampiga shavuni, na ndipo alipoona pale mbele duara jekundu linazunguka, wekundu wa mninga na polishi ya viatu. Watu walikuwa wanapiga kelele. Yeye hakuzisikia. Pangaboi lile alilichonga kwa siku nne.

Aligeuka polepole. "Ni wewe."

"Nililiweka chini ya viazi," Apolonia alisema, macho yake yakiifuata ndege.

"Unanisaliti kwa mtu wa kuja na ndoo ya mchele?"

"Baba Eveline, wivu wako nimeolewa nao, nimeuzoea, naupikia na chakula." Sasa alimtazama. "Lakini leo ingeanguka, ungefurahi. Nimekuona usoni sasa hivi ulivyokuwa unaisubiri. Huyo mtu anayefurahi hivyo mimi nitakaa naye vipi nyumbani?"

Liberatus alipotaka kukasirika alikumbuka kwamba ndoo aliibeba yeye, tena akaifunga kwa mpira.

Ndege ya Bujiku ilitua miguuni pake, na kabla haijasimama Leokadia alikuwa amekwisha kuinuka kwenye benchi. Wajumbe hawakuhitaji kunong'ona. "Dakika kumi mwaka huu ni za Bujiku," alitangaza, "na fundi Liberatus tunamshukuru kwa miaka sita." Watu walipiga makofi, na Liberatus akapiga pia, maana mikono ya mtu lazima iwe mahali fulani.

Lakini Bujiku alikuwa anakuja mbio kuvuka uwanja, ndege kwapani, na watu nyuma yake. Alifika akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Jamani, nisikilizeni!" alisema kwa sauti. "Huyu bwana mnamwona? Yeye tunashindana naye. Alhamisi nilimuuliza pangaboi yangu kama itatosha, akaniambia itatosha. Kumbe ananionea aibu, hataki nijione sijui! Nimefika nyumbani, mama anatoa viazi, chini nakuta hii, imefungwa kwenye gazeti. Bila jina, bila nini. Nimeijaribu jana pale Igawa nikacheka peke yangu. Mtu anakupa silaha ya kumshinda yeye mwenyewe! Mimi mtu wa namna hii sijawahi kumuona."

Watu walimtazama Liberatus, na walimtazama kwa namna ambayo hawakuwahi kumtazama hata siku moja ya Nane Nane, kwa sababu siku hizo zote walikuwa wanatazama juu. Leokadia alikuwa anafuta macho kwa ncha ya kitenge. Mzee mwenye fimbo alisogea ili amshike mkono.

Na hapo, katikati ya sifa, wivu ukamshika Liberatus kwa nguvu kuliko alivyopata kushikwa maisha yake yote, kuliko kwa Aroni na sanduku, kuliko kwa rubani na thamosi yake. Alimwonea wivu huyo fundi aliyekuwa anasimuliwa. Huyo aliyechonga pangaboi siku nne akalitoa kwa mshindani wake chini ya viazi, bila jina. Fundi huyo alikuwa na mikono ileile ya Liberatus, na kibanda chake, na mke wake. Liberatus alitamani awe huyo, na alijua kwa uhakika kabisa kwamba siye.

"Si mimi," akasema.

Kelele zikapungua.

"Si mimi niliyeliweka. Mimi nilikudanganya. Nilitaka ianguke."

Uso mrefu wa Bujiku ukafunguka, akacheka mpaka akainama. "Mnamsikia?" akawaambia watu. "Mnasikia watu wa Iringa wanavyojishusha? Hata kushukuriwa hataki!"

Uwanja mzima ukaangua makofi. Liberatus alimtafuta Apolonia kwa macho ili aseme ukweli, yeye aliyekuwa anaujua peke yake. Apolonia alikuwa amesimama palepale, anamtazama mumewe usoni, na alikuwa anapiga makofi pamoja na wengine.